Mtoto asiye na homoni ya ukuaji: maswali ninayoulizwa kliniki, Nyanda za Juu Kusini

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Nimepima watoto Mafinga, nikapima Makambako, na sasa niko Mbeya. Maswali haya ni ya kina mama, bibi, na akina baba wachache wanaokaa kwenye benchi letu asubuhi za baridi, mtoto kafungwa mgongoni na blanketi juu yake. Nimeyaandika kama yalivyoulizwa. Majibu yangu hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika mtoto wako kwa mikono yake. Nataka tu ukifika mbele yake ujue cha kumuuliza.

Sista, mwanangu alizaliwa na urefu mzuri tu. Imekuwaje sasa hakui?

Naanza na hili kwa sababu ndipo wengi tunapopotea, hata sisi wenye sare nyeupe.

Mtoto aliye tumboni hategemei sana homoni ya ukuaji. Anakuzwa na chakula kinachopita kwenye kondo, na insulini yake mwenyewe, na protini zinazofanana na insulini ambazo mwili wake unazitengeneza bila kungoja amri ya homoni hiyo. Kwa hiyo hata asiye nayo kabisa anaweza kuzaliwa na sentimita 49 au 50, sawa na mtoto wa kitanda cha pili. Anaandikwa kwenye kadi, mama anapongezwa, wanarudi nyumbani.

Miezi ya mwanzo nayo inabebwa zaidi na maziwa, insulini na homoni ya tezi ya shingo. Mtoto wa kawaida huongeza kama sentimita 25 katika mwaka wa kwanza. Asiye na homoni ya ukuaji huanza kubaki nyuma pole pole. Wale wenye upungufu mkali hubaki mapema, wengine ukiwaangalia kwa macho huoni kitu hadi wafike mwaka mmoja au miwili. Kuanzia hapo homoni ya ukuaji ndiyo inashika usukani, na kama haipo, mwendo unashuka. Kwa hiyo mama, mtoto hakusimama ghafla siku uliyomwachisha ziwa wala siku uliyorudi shambani. Alikuwa anakula akiba ambayo kila mtoto huzaliwa nayo, na akiba imekwisha.

Homoni hiyo inatoka wapi?

Chini ya ubongo, usawa wa nyuma ya pua, kuna tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Inapokea amri kutoka sehemu ya ubongo iliyo juu yake, kisha inamwaga homoni ya ukuaji kwenye damu kwa mafungu, na mafungu makubwa hutoka usiku mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Homoni ikifika kwenye ini, ini linatengeneza protini ambayo kwenye karatasi ya maabara utaiona imeandikwa IGF-1. Hizo mbili kwa pamoja zinaliamsha gegedu lililo karibu na ncha za mifupa mirefu, na mfupa unarefuka.

Ina kazi nyingine mbili zinazosahaulika. Husaidia kushikilia sukari ya damu mtoto akikaa muda mrefu bila kula, na huyeyusha mafuta ya mwilini. Shika hilo, nitalirudia.

Huku kwetu kila nyumba ina mtoto mfupi. Ina maana wote hawana homoni?

Hapana. Upungufu wa homoni ya ukuaji ni nadra, makadirio ya nchi mbalimbali ni mtoto mmoja kati ya 4,000 hadi 10,000. Wengi wa watoto wafupi tunaowapima huku wana udumavu, na udumavu una sababu zake.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe na Rukwa ilikuwa karibu nusu. Taifa zima lilikuwa asilimia 30. Sisi tunaovuna mahindi, maharage, viazi na parachichi, sisi tunaolisha Dar es Salaam, ndio tunaoongoza. Nimeshauma midomo mara nyingi mbele ya takwimu hizo. Chakula kipo, lakini mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anaachwa na uji mweupe wa sembe mara mbili kwa siku, yai linauzwa, maziwa yanauzwa, na jioni nyumba nyingine mtoto anaonjeshwa ulanzi, pombe ya mianzi, ili alale. Ongeza kuharisha, minyoo, na mama aliyebeba mimba akiwa na upungufu wa damu. Huo ndio udumavu.

Tatizo ni kwamba mtoto mmoja mwenye upungufu wa homoni akikaa katikati ya watoto hao, nani atamwona? Angekuwa Ubungo, Dar es Salaam, angeonekana haraka, hapa kwetu anafunikwa na wenzake. Mimi mwenyewe niliwahi kumfunika. Kijana mmoja niliandika "udumavu" kwenye kadi yake mara nne katika miaka miwili, nikamhubiria mama yake habari za maharage na dagaa, na yule mama alikuwa anampa mwanawe vyote hivyo. Alikuwa ananiambia, nami sikumsikia. Kituo chetu wakati huo kilikuwa kinapima uzito tu, ubao wa urefu ulikuwa umeegeshwa stoo. Mstari wa uzito wake ulikuwa unatembea kwenye rangi ya kijani bila wasiwasi. Siku tuliyomsimamisha ukutani alikuwa na miaka sita na urefu wa mtoto wa miaka mitatu.

Basi nitawatofautishaje, wa udumavu na wa homoni?

Anza na mwili. Mtoto aliyekosa chakula kwa muda mrefu mara nyingi ni mwembamba au wa wastani, na wadogo zake nao mara nyingi ni wafupi, kwa sababu wanakula sufuria moja. Mtoto aliyekosa homoni ni mfupi lakini amejaa. Mashavu ya mviringo, paji la uso limetokeza, tumbo laini lenye mafuta, sauti nyembamba kuliko umri wake, meno yanachelewa kuota na kung'oka. Ana miaka saba na watu wanamsemesha kama wa minne. Viungo vyake vina uwiano: mikono na miguu inalingana na kiwiliwili. Ukiona mikono na miguu mifupi sana lakini kiwiliwili cha kawaida, hilo ni jambo la mifupa yenyewe na njia yake ni nyingine.

Kisha angalia historia ya uchanga. Je, sukari ilishuka akiwa na siku chache, akatetemeka au akapata degedege? Manjano ya macho yalikaa majuma mengi? Kama ni wa kiume, uume ulikuwa mdogo sana, au kokwa hazikushuka? Yoyote kati ya hayo yakiungana na ufupi, usingoje mwaka mwingine.

Lakini alama kubwa kuliko zote ni mwendo. Mtoto aliyedumaa kwa lishe, wakati mwingi, ukishapita ule umri mbaya wa miaka miwili ya kwanza, huendelea kuongeza sentimita zake tano au sita kwa mwaka. Yuko chini, lakini anatembea sambamba na wenzake. Wa homoni anazidi kuachwa. Kila mwaka pengo linapanuka.

Kuna jambo la kushangaza ambalo madaktari walinifundisha nikiwa tayari mtu mzima kazini. Mtoto mwenye njaa kali, homoni yake ya ukuaji mara nyingi iko juu. Pituitari inapiga kelele, ini halisikii kwa sababu halina cha kujengea, na IGF-1 inashuka. Kwa hiyo kumchoma sindano ya homoni mtoto ambaye hajala ni sawa na kumwongezea sauti mtu asiye na masikio. Dawa yake ni yai, maziwa, dagaa wa Kyela, karanga, na mtu mzima wa kukaa naye amlishe.

Nampimaje mwenyewe nyumbani?

Kwa mtoto wa miaka miwili na kuendelea: mvue viatu na soksi. Fumua vitunguu vya nywele kama amesukwa, nimeona mtoto "akirefuka" sentimita tatu kwa ajili ya nywele. Asimame ukutani, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele. Chukua kitabu kigumu, upande mmoja uukandamize ukutani, upande wa chini ushuke hadi uguse utosi. Weka alama kwa penseli chini ya kitabu. Kisha pima kutoka sakafuni kwa tepu ya chuma ya fundi seremala. Ile ya fundi cherehani huvutika ikizeeka. Rudia mara tatu na uandike wastani.

Pima saa zile zile kila mara. Binadamu hupungua kidogo kufikia jioni kwa sababu uti wa mgongo unajikandamiza, na kwa mtoto anayekua sentimita nne kwa mwaka, sentimita moja ya jioni inaharibu hesabu yote.

Chini ya miaka miwili hupimwa amelala kwenye ubao, na hiyo tuachie sisi. Akivuka miaka miwili na kuanza kupimwa amesimama usishtuke ukiona amepungua kama nusu sentimita au zaidi kidogo. Ndiyo tofauti ya kulala na kusimama.

Rudia baada ya miezi sita. Mama mmoja wa Uyole alikuwa anapima kila Jumapili, akawa hapati usingizi. Wiki haina jibu.

Sentimita ngapi kwa mwaka zinatosha?

Mwaka wa kwanza kama 25. Wa pili kama 12. Wa tatu kama 8. Kuanzia miaka minne hadi kubalehe, 5 hadi 7. Wakati wa kubalehe mwendo unapanda tena, wasichana wakitangulia.

Mtoto wa miaka minne hadi kabla ya kubalehe akiongeza chini ya sentimita 4 hadi 5 kwa mwaka, mlete. Kwa kipimo cha mara moja: mvulana anayetimiza miaka mitano, wa katikati ana sentimita 110, na akiwa chini ya 100.7 anahesabiwa mfupi kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani. Msichana ni 109.4, na mpaka wake ni 99.9.

Sisi wenyewe wafupi. Si ukoo tu?

Inawezekana, na kuna hesabu yake. Jumlisha urefu wa baba na wa mama. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13, kisha gawa kwa mbili. Baba mwenye 168 na mama mwenye 154, kijana wao anategemewa kuwa karibu 167 au 168, binti yao karibu 154 au 155. Mpe nafasi ya sentimita kama nane juu au chini. Mtoto anayetembea kwenye njia hiyo kwa mwendo wa kawaida ni mtoto wa ukoo wake, mwacheni.

Ila baba mfupi sana naye hakuzaliwa na cheti cha uzima. Kuna upungufu wa homoni unaorithiwa. Na kuna baba waliodumaa utotoni, kwa hiyo hesabu inawatumia wazazi ambao wenyewe hawakufika walipopaswa kufika.

Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa.

Hili naulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mlangoni, mama akiwa ameshaaga.

Wanasema mtoto hudhoofika na kugoma kukua kwa sababu wazazi walikutana akiwa bado ananyonya, au mmoja wao alitoka nje. Dada yangu, tendo la ndoa haliingii kwenye maziwa, wala haliwezi kuigusa tezi iliyo chini ya ubongo wa mtoto wako. Nawaheshimu wazee, na kwenye imani hiyo kuna chembe ya uzoefu: mama akishika mimba haraka, wa kwanza huachishwa ziwa mapema na hudhoofu kweli. Hapo ni njaa na kunyimwa ziwa, na dawa yake ni uzazi wa mpango na chakula. Lakini mtoto mwenye mashavu yaliyojaa ambaye harefuki hakubemendwa na mtu. Nimeona ndoa mbili zikivunjika kwa neno hili. Mume akija naye kliniki mimi huwa nampa yeye kadi aishike, asome mwenyewe tarehe na sentimita.

Maji ya mitishamba, hirizi kiunoni, kuchanjwa chale magotini: hakuna kinachorefusha mfupa. Chale zinaleta pepopunda na wembe wa kuchangia unaleta VVU.

Na zile dawa za kurefuka zinazouzwa kwenye simu?

Usinunue. Homoni hii ni protini, ikimezwa tumbo linaimeng'enya kama nyama.

Tezi ya shingo inahusikaje?

Sana. Zamani nyanda hizi zilijulikana kwa rovu, kwa sababu udongo wa milimani una madini joto kidogo. Wazee wa Ludewa, Makete na Rungwe wanakumbuka vidonge vya mafuta ya madini joto vilivyogawiwa miaka ya 1980. Chumvi yenye madini joto imebadilisha hali, ingawa bado naona chumvi ya mawe isiyo na nembo ikiuzwa kwa kopo minadani.

Homoni ya tezi ya shingo ikipungua, mtoto harefuki, anachoka, anapata choo kigumu, ngozi inakauka, na masomo yanaweza kurudi nyuma. Tena kipimo cha homoni ya ukuaji kinaweza kudanganya kama tezi ya shingo haijarekebishwa. Ndiyo maana daktari ataipima kwanza. Kidonge chake ni cha bei nafuu kuliko vyote katika ukurasa huu, na mtoto aliyekuwa na tatizo hilo hurefuka kwa kasi ya kufurahisha akianza kumeza.

Daktari atapima nini kingine?

Damu, mkojo, choo, figo, VVU, na kifua kikuu kama kuna dalili. Sikoseli. Kwa msichana yeyote mfupi asiye na sababu, hali ya Turner lazima ifikiriwe: anakuwa amekosa kromosomu moja ya X au sehemu yake, na humpata msichana mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500. Wengi wao hugundulika pale hedhi inapokataa kuja, na ni kuchelewa kukubwa.

Kisha eksirei ya kiganja cha mkono wa kushoto. Inasoma umri wa mifupa. Mtoto wa miaka tisa asiye na homoni anaweza kuwa na mifupa ya miaka mitano. Inatisha ukiisikia, lakini ni habari njema kwa namna yake: bado kuna miaka ya kurefuka mbele yake.

IGF-1 hupimwa kwa damu ya kawaida. Homoni ya ukuaji yenyewe haipimwi kwa kuchoma mara moja mchana, kwa sababu inatoka kwa mafungu, na saa nne asubuhi hata mtoto mzima anaweza kuwa na karibu sifuri. Kwa hiyo hufanyika kipimo cha kuiamsha. Mtoto anakuja hajala, anawekewa kanula, anapewa klonidini, glukagoni, au insulini, na damu inachukuliwa kila baada ya muda kwa saa mbili hadi tatu au zaidi. Kilele kikibaki chini ya nanogramu 7 hadi 10 kwa mililita, kutegemea maabara, ni upungufu. Kwa kawaida huhitajika vipimo viwili kabla ya kuamua. Klonidini humlegeza mtoto na kushusha presha, insulini hushusha sukari, kwa hiyo hufanywa hospitalini chini ya uangalizi, kamwe si kwenye duka la vipimo.

Ikithibitika, hufuata picha ya MRI ya kichwa kuangalia kama pituitari ni ndogo, imehama mahali pake, au imekandamizwa na uvimbe.

Nianzie wapi?

Zahanati au kituo chako, ukiwa na kadi. Omba kupimwa urefu, na kama umeandika vipimo viwili vya miezi sita, weka karatasi mezani. Rufaa hupanda hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Vipimo vya kuiamsha homoni vinaweza kukupeleka Muhimbili, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Madaktari bingwa wa homoni za watoto ni wachache Afrika nzima. Nairobi ilianza kuwafundisha mwaka 2008, na waliopita pale wamerudi nchi mbalimbali, Tanzania ikiwemo. Kabla ya kupanda basi piga simu, ulize siku ya kliniki hiyo. Nimeshaona familia ikilala nje siku nne kwa kukosa kuuliza.

Ni nini kinachoisababisha?

Wengi hatupati sababu. Wengine wamezaliwa na pituitari isiyojengeka vizuri, au wamerithi kasoro ya jeni. Wengine waliipata njiani: uvimbe kichwani, mionzi ya kutibu saratani, ajali ya kichwa, homa ya uti wa mgongo ikiwemo ile ya kifua kikuu. Mtoto aliyekuwa anakua vizuri kisha akasimama ghafla, akiumwa kichwa asubuhi, akitapika, au akigonga milango kwa sababu haoni pembeni, huyo ni wa leo, asingoje kesho.

Sababu moja huwa nataka niiseme peke yake. Mtoto anayeishi kwa vipigo, kutengwa na kunyimwa upendo anaweza kukauka homoni ya ukuaji kabisa. Vipimo vinasoma kama vya mgonjwa. Ukimtoa kwenye nyumba ile, akalelewa na watu wanaomtaka, homoni inarudi yenyewe na anaanza kurefuka, bila sindano hata moja. Nikiona mtoto mfupi anayejikunyata mtu mzima akinyoosha mkono, huwa naanzia hapo.

Nimesikia wapo watoto wanaokua bila homoni hii. Ni kweli?

Ni kweli, na limewashangaza madaktari tangu miaka ya 1960. Kuna uvimbe uitwao kraniofaringioma, unaoota jirani na pituitari. Ukiondolewa, mara nyingi pituitari huharibika na homoni ya ukuaji inapotea. Ungetarajia mtoto asimame. Baadhi yao wanaendelea kukua kama kawaida, wengine haraka kuliko mwanzo, huku vipimo vikionyesha hakuna homoni. Wengi wa hao hunenepa sana baada ya upasuaji, na insulini yao huwa juu. Inaelekea insulini hiyo, pamoja na mambo mengine ambayo bado yanachunguzwa, inaifanyia kazi gegedu la mfupa kwa mlango wa nyuma, kama ilivyofanya tumboni.

Kwa mzazi maana yake ni hii: karatasi ya maabara peke yake haitoshi kuanza wala kukataa sindano. Ukuta wenye alama za penseli una neno. Na mtoto aliyefanyiwa upasuaji huo akiwa anakua vizuri bado anahitaji kufuatiliwa, kwa sababu homoni nyingine za pituitari hazina mlango wa nyuma.

Sindano zinatolewaje, na nyumba haina umeme?

Dawa inaitwa somatropini. Huchomwa chini ya ngozi ya paja, tumbo au tako kila usiku, kipimo kikifuata uzito, kwa miaka mingi hadi mifupa ikaribie kufunga, yaani kuacha kurefuka. Mwaka wa kwanza mtoto anaweza kuongeza sentimita 8 hadi 12, ndiyo zawadi kubwa, kisha mwendo unatulia. Marekani iliidhinisha ya watoto ya mara moja kwa wiki mwaka 2021.

Ni ghali, sitakuficha. Uliza bima yako kabla, na upate jibu kwa maandishi. Homoni ya zamani ilikamuliwa kwenye pituitari za maiti, tangu mwaka 1958 mtoto wa kwanza alipotibiwa, hadi 1985 ilipogundulika kwamba baadhi ya waliochomwa walipata ugonjwa wa ubongo usiopona. Ya sasa hutengenezwa maabara na haina hatari hiyo. Nalisema kwa sababu mjomba fulani kwenye ukoo huwa analijua la kwanza na hajui la pili.

Hifadhi yake ni nyuzi 2 hadi 8, isigande. Watu huniuliza habari ya chungu cha Wakisi wa Matema, kimoja ndani ya kingine na mchanga wa maji katikati. Kinapoza kweli, lakini hakifiki nyuzi 8, hata kwa baridi ya Kitulo huwezi kukitegemea mwaka mzima. Zipo kalamu za sindano ya dawa hii ambazo zikishafunguliwa huvumilia joto la chumba lisilozidi 25 kwa majuma matatu. Soma karatasi ya dawa yako. Familia moja ilikubaliana na mwenye duka la soda jirani, kalamu zikakaa kwenye friji lake ndani ya kopo la siagi lenye jina la mtoto.

Mtoto akianza kuchechemea, au kuumwa nyonga au goti, au kichwa kikali na kuona ukungu, rudi hospitali mara moja.

Tusipoipata kabisa, itakuwaje?

Ataendelea kukua, kwa sentimita mbili tatu kwa mwaka, kwa miaka mingi kuliko wenzake. Kubalehe kunaweza kuchelewa lakini kwa wengi wanaokosa homoni hii peke yake kunafika, na wengi wanapata watoto.

Kuna mji Brazil, Itabaianinha, katika jimbo la Sergipe. Zaidi ya watu mia moja wa huko walirithi kasoro ya jeni inayozuia pituitari kusikia amri ya ubongo. Wengi hawakuwahi kutibiwa. Urefu wao utu uzimani ni kati ya sentimita 105 na 135. Akili zao ni za kawaida, wanafanya kazi, wanaoa, wanazeeka kama jirani zao. Kusini mwa Ecuador nako wako wenye hali ya Laron, ambao homoni wanayo ila mwili hauipokei, na watafiti wamekuta saratani na kisukari ni nadra kwao.

Ninachokihofia zaidi ya ufupi ni kama pituitari imekosa homoni nyingine, hasa ile inayoziamuru tezi za juu ya figo zitoe kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa. Mtoto wa namna hiyo akipata homa au kutapika anaweza kuzimia sukari ikishuka. Anahitaji haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli, na kila mhudumu anayempokea aambiwe hivyo mlangoni.

Shuleni wanamwita kijeba.

Nenda ukaonane na mwalimu wa darasa mwenyewe, usimtume mtoto na barua. Mwambie umri wake kamili na kwamba akili yake ni ya umri huo. Asikalishwe na darasa la awali, asibebwe, asifanywe mwana-sesere wa wasichana wakubwa. Apewe dawati ambalo miguu inafika chini, au kibao cha kukanyagia. Nyumbani mpe kazi za umri wake. Kijana wangu wa kadi ile, dada zake walikuwa wanamvisha viatu hadi miaka tisa.

Binti yangu ana miaka 13. Nimechelewa?

Usijihukumu kabla ya eksirei ya kiganja. Mifupa ya wasichana hukaribia kufunga ikiwa na umri wa miaka 14, ya wavulana 16, na huo ni umri wa mfupa, si wa cheti cha kuzaliwa. Wa kwako anaweza kuwa na 13 kwenye cheti na 9 kiganjani.

Amemaliza miaka mitano, kliniki imekwisha. Kadi niifanyie nini?

Usiitupe, na usiwashie jiko. Mama wa yule kijana aliihifadhi ya mwanawe kwenye mfuko wa plastiki wa sukari juu ya dari, na vipimo viwili vya urefu vilivyokuwemo, cha kuzaliwa na kimoja cha chanjo ya surua, vilimwonyesha daktari wa Mbeya mahali mwendo ulipoanza kushuka. Nyuma ya kadi kuna nafasi nyeupe. Andika tarehe na sentimita kwa kalamu ya wino, kila mwezi wa Januari na wa Julai shule zikifungua.